Pampu Mbili, Shemeji Mmoja

Wiki iliyopita mwalimu mmoja alinipa lifti kutoka Mbulu mjini. Kwenye kilima cha kuelekea kijiji cha Daudi, gari lake, mtumba wa ng'ambo, likakohoa na kuzima.

Akaupiga usukani kwa kiganja. "Tambarare linakwenda vizuri tu!"

"Pampu ya mafuta nzima?" nikauliza.

"Nzima. Zilikuwa mbili, ile ya ndani ya tenki nikaichomoa nikampa shemeji. Mimi nina mbili, yeye ya kwake imekufa. Ningemtazama tu?"

Huku kwetu mwenye ng'ombe humwazima shemeji asiye naye, na ni jambo jema. Lakini pampu si ng'ombe, jamani! Kwenye magari haya ya zamani yenye nozeli za kupulizia mafuta kwenye injini, pampu ya ndani ya tenki huyavuta mafuta na kuyafikisha kwa ile iliyo chini ya gari. Hiyo ya chini ndiyo yenye nguvu ya kuyasukuma hadi kwenye nozeli, ila kuvuta haiwezi. Mafuta yakipungua, mlimani inanyonya hewa.

Nilimweleza mara mbili. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa.

Mara shemeji mwenyewe, anayekaa hapo juu, akashuka kwa miguu, mikono imejaa grisi.

"Shemeji, ile pampu uliyonipa haina nguvu. Gari limegoma kabisa." Akainama, akachungulia chini ya gari letu. "Naomba basi uniazime hiyo nyingine."

Mwalimu akafungua buti, akaanza kutafuta spana. Mimi nikachukua mkoba wangu, nikapanda kilima kwa miguu.