Ubeti wa Tatu wa Kapu la Usipa

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, na kila nikiikumbuka nashikwa na hasira. Usiogope, si hasira juu yako, ingawa wewe nawe utapata sehemu yako, maana kilichofanya niikumbuke leo ni ule upuuzi uliomfanyia Dafrosa juzi baada ya ibada.

Nilikuwa nimekaa pale barazani pa kanisa, nikakuona. Binti wa watu ametunga wimbo wake mwenyewe, ameuimba mbele ya kigango kizima kwa gitaa la kuazima, watu wakawa wanapiga soga na kutafuta ndala za watoto wao. Akaja kwako akakuuliza, "Umeuonaje?" Ukamjibu, "Kawaida tu." Kawaida tu! Wewe ambaye kila ukigeuza kahawa kwenye chanja simu yako inaimba Dafrosa tangu asubuhi! Wewe uliyegombana na rafiki yako kwa sababu alisema sauti yake nyembamba! Tulipofika nyumbani niliacha kula. Mama yako akadhani ugali una mchanga.

Sasa kaa hapo unisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Nilipokuwa na umri wako, nilikuwa katibu wa kigango hapa Mpepai. Sikuchaguliwa kwa utakatifu, nilichaguliwa kwa mwandiko. Nilikuwa na kauntabuku jeusi ambalo watu walilijua kuliko walivyonijua mimi. Humo niliandika nani hakufika kwenye jumuiya, nani hajaleta matofali ya kanisa, nani ameoa bila kufunga ndoa. Padre akija mara moja kwa mwezi, alikuwa anaanza kunisalimia mimi, kisha anaomba kauntabuku. Kwa hiyo nikitokea nalo mahali, vicheko vilikuwa vinapungua. Nami, kwa ujinga wa ujana, nilidhani ndiyo heshima.

Msimu wa kahawa alikuwa anapanda kutoka ziwani mwimbaji mmoja wa Mbaha, jina lake Teofili. Mwembamba, mrefu, gitaa lake alilichonga mwenyewe, nyimbo zote za kwake. Alikuwa anaketi kwenye gogo nje ya stoo ya ushirika, pale tulipopanga foleni na magunia yetu, anaimba. Hakuna aliyemsikiliza, mwanangu. Watu walimpa mgongo, macho yote kwenye mizani. Mtu akicheka, anacheka la jirani yake. Teofili anamaliza wimbo, anafuta jasho, anaanza mwingine.

Mimi asubuhi ile ninayoikumbuka, wimbo wa kwanza niliousikia ulinikamata nikasahau gunia langu kwenye foleni. Ulikuwa unaitwa Kapu la Usipa. Unamhusu mwanamke wa ziwani anayebeba usipa, dagaa wa ziwani, kichwani kuja milimani kubadilishana na mahindi. Ubeti wa kwanza anaondoka kwake, anawaachia wanawe uji kwenye chungu. Ubeti wa pili anapanda mlima, shingo inamwuma, anayahesabu mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia maji ya mvua, kwenye mashamba ya wenyeji ili asahau njaa, mpaka anaona paa la kanisa. Halafu ghafla, ubeti wa mwisho, yuko nyumbani ziwani, kapu tupu, anacheka peke yake na wanawe wanamshangaa. Huko kanisani kulitokea nini? Kwa nini anacheka? Wimbo hausemi.

Nilipagawa na wimbo ule. Na siku hizo ukiupenda wimbo usingeuchukua kwenye simu. Nilifanya nilichojua kufanya: nilifungua kauntabuku, nikaligeuza nyuma kwenye kurasa safi, nikaanza kuandika maneno. Na kwa kuwa nyimbo nazichukulia kama misa, sikucheza, sikupiga makofi, sikutikisa hata kichwa. Nilisimama wima, uso nimeukunja nisikose neno, kalamu mkononi.

Unajua watu wa hapa wakimpenda mwimbaji wanafanyaje. Wanainuka, wanamwendea huku wanacheza, wanamtunza, wamama wanapiga vigelegele, mwingine anamfuta jasho kwa kanga. Hata wewe unajua. Mimi niliona mambo yale ni ya kelele. Nilijiambia mapenzi yangu ni ya ndani zaidi. Ya ndani! Huko ndani kulimsaidia nani?

Mama yako, wakati huo tumeoana karibuni, aliniona siku moja akaniambia wazi, "Baba, mbona unamtazama yule mtu kama askari anamtazama mwizi wa mbuzi?" Nikamwambia hajui muziki. Alininyamazia siku nzima, na alikuwa na haki.

Misimu ikaenda. Teofili anapanda, anaimba, mimi naandika. Watu wote wa Mpepai wakajua kwamba sitanii juu ya Teofili, isipokuwa Teofili mwenyewe. Baba yako mdogo Alanus alisema Teofili anaimba kama mtu anayesoma barua ya msiba, tukakaa mavuno mawili bila kusalimiana. Kwenye harusi ya shemeji yangu nilichomoa waya wa redio nikawahutubia wageni kwamba wana masikio ya mihogo, wamwite Teofili. Walinitoa nje kwa adabu. Na mtu akiniuliza mbona ule wimbo wa dagaa una pengo katikati, nilikuwa namfafanulia kwa fahari kabisa: huo ndio ufundi wenyewe, fundi ameacha nafasi makusudi ili mwenye akili afikiri. Uyakumbuke vizuri maneno hayo, maana yananichoma mpaka leo.

Basi, msimu mmoja Teofili hakuja. Nikasema anaumwa. Msimu uliofuata hakuja. Nikasema nyie watu mmemfukuza kwa kumpa mgongo. Nililaumu foleni, nililaumu redio, nililaumu vijana, nilimlaumu Alanus tena. Miaka ikapita, nikaukabidhi ukatibu kwa wengine, ila kauntabuku nikabaki nalo kwa ajili ya zile kurasa za nyuma. Kila nikilima peke yangu nilikuwa naimba Kapu la Usipa, pengo lake na vyote.

Mwaka ule ulipomaliza shule ndipo nikasema sasa basi, nitamfuata kwao. Nikafika Mbinga, nikafika Kitai, nikakaa pale na mfuko wangu nikingoja gari la Lituhi, kisha nikatafuta namna ya kufika Mbaha. Kauntabuku kwapani. Nilipouliza nyumba ya Teofili mwimbaji, mama mmoja akashangaa, "Mwimbaji? Teofili yupo, lakini haimbi."

Nilimkuta ufukweni anageuza usipa juu ya kichanja, kichwa kimekuwa cheupe. Alipaswa kunikumbuka mimi, lakini hakunitazama mimi. Alitazama kauntabuku. Akaacha alichokuwa akifanya, akasimama wima, mikono ikining'inia.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba, Katibu. Umenifuata mpaka huku?"

Nikadhani ni utani. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwambie Padre siimbi tena," akasema. "Ni miaka. Muulize mtu yeyote hapa. Gitaa halipo, nyuzi zake ndizo hizo zimefungia kichanja."

Nikatazama. Kweli, nyuzi za gitaa zilikuwa zimekaza miti ya kichanja, na dagaa wamelala juu yake. Mwanangu, niliketi mchangani.

Akanieleza. Kumbe mtu yule zamani alisimamishwa kwaya ya kwao kwa wimbo uliomtania mkubwa mmoja wa kamati ya kanisa. Akaja kuimba kwetu, mbali na kwao, na kila akiinua macho anaona nini? Anaona katibu wa kigango, uso umekunjwa, anaandika. Kila msimu. Kila wimbo. Watu wengine wote wamempa mgongo, na mmoja tu aliyemgeukia amekuja kumshtaki. Akavumilia, akavumilia, mwisho akaona afadhali aache kabla hawajamnyima ekaristi na kuwanyima wanawe ubatizo.

Nikamfungulia kauntabuku kule nyuma. Akasoma kwa kidole, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, nyimbo zake zote na tarehe zake. Nyingine hata yeye alikuwa amezisahau. Akanitazama.

"Kwa hiyo ulikuwa unapenda?"

"Nilikuwa napenda sana."

"Sasa si ungesema, Katibu!" Alipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. "Mdomo uliuazimisha kwa nani? Mimi nimekaa miaka yote hii kama mwizi, kumbe mtu unapenda! Neno moja tu, Katibu! Hata 'pole na jua' ulishindwa?"

 

Akaendelea kusoma, akafika Kapu la Usipa, akasimama. "Mbona ubeti wa tatu haupo?"

"Si hukuuweka," nikasema. "Uliacha pengo makusudi."

"Pengo gani? Niliuimba Liuli, niliuimba Lituhi, hata pale Kitai kwenye magari niliuimba. Mpepai nilikuwa nikiliona kauntabuku lako, naruka."

Umesikia hilo, mwanangu? Dunia nzima, mtu aliyeupenda wimbo ule kuliko wote ndiye peke yake aliyekuwa haimbiwi wote. Na sababu ni mimi. Nilijinyima kwa uso wangu mwenyewe, halafu nikazunguka kijijini nikiliita pengo ufundi.

Nikamsihi auimbe. Akafumba macho, akaanza bila gitaa, sauti imekwaruza lakini ni yeye yule:

"Kapu nimelitua mlangoni, harufu imenitangulia,
Katibu kaninyooshea kidole, kaa nje misa kusikia..."

Akakwama. Akarudia mistari ile miwili. Akakwama tena. "Halafu yule mama anamjibu," akasema. "Anamjibu katibu palepale mlangoni. Jibu lenyewe ndilo linalomchekesha akifika nyumbani. Ndilo utamu wote wa wimbo."

"Anamjibu nini?"

Hakukumbuka. Alijaribu mchana kutwa, alijaribu tukila, alijaribu akinisindikiza. Niliandika mistari miwili na chini yake nikaacha miwili mitupu. Kabla sijapanda gari niliinuka mbele ya watu wote, nikacheza, mzee mzima, nikamfuta jasho kwa leso yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikwenda tena mara mbili, na kila nikifika alikuwa ananipokea kwa mbali, "Bado, Katibu, bado!" Mara ya tatu nilikwenda kuzika.

Pale msibani niliuliza kila mtu. Nikawauliza wa Liuli, nikawauliza wa Lituhi, wanawe, mkewe. Wote waliwahi kuusikia ubeti ule na hakuna aliyeushika, maana hawakuwa wanausikiliza. Aliyekuwa anasikiliza hakuimbiwa. Nimerudi na kauntabuku langu na mistari miwili mitupu, na mpaka leo nikilima namfikisha yule mama mlangoni pa kanisa, katibu anamnyooshea kidole, na mama wa watu anabaki kimya kwa sababu yangu.

Ndiyo maana siwezi kukuvumilia na "kawaida tu" yako.

Sasa nasema hivi, na nasema kama baba. Kesho kabla hujanywa chai, nenda kwa Dafrosa. Usimtumie ujumbe, usimwambie rafiki yako, usiniambie mimi, mimi najua tayari, kahawa yote inajua. Mwambie yeye, usoni. Na usiseme "wimbo mzuri" ukakimbia. Mtajie maneno yaliyokushika, ubeti gani, mstari gani. Uso wako ufungue, maana umeurithi kwangu na ni uso mbaya wa kusikilizia muziki. Siku nyingine akiimba, inuka uende mbele, cheza, mtunze, hata kama ni wewe peke yako na watu wanatafuta ndala zao. Utaona aibu, nami nakwambia aibu hiyo inaisha kabla ya chakula cha mchana. Yangu haijaisha. Na ukimpenda mtu kwa kazi yake, usigombane na dunia kwa ajili yake wakati yeye mwenyewe hujamwambia.

Haya, nimemaliza kufoka. Sogea hapa nikushike kichwa.

Mungu akupe mdomo usioficha jema. Akupe miguu ya kuinuka wengine wanapokaa. Amlinde Dafrosa na sauti yake hiyo nyembamba, azae nyimbo mpaka azichoke. Na siku ukiwa mzee kama mimi, ukiziimba nyimbo zake peke yako shambani, Mungu akujalie uwe umeimbiwa beti zote.