Kibati Kimoja

Andika hivi, mjukuu wangu. Baba yangu alizaliwa Mugamba, huko juu kwenye baridi, akachunga ng'ombe wa watu mpaka alipopata wake. Mama yangu alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa, katikati ya michikichi. Majina yao unayajua. Yabaki kinywani mwako, usiyatie kwenye karatasi hii. Mimi nilizaliwa Mugamba, na sikuingia darasani hata siku moja. Ndiyo sababu wewe unashika kalamu nami nashika maneno. Usiyapambe.

Baba hakuhesabu ng'ombe. Jioni alisimama kwenye mlango wa zizi akamwita kila mmoja kwa jina lake, na aliyekosekana akajulikana. Mtu aliyetamka idadi ya mifugo yake, au ya watoto wake, tulimwona kama anayeyaonyesha mauti njia ya kuingilia. Nilikua hivyo, na hivyo ndivyo nilivyoshuka Bujumbura kutafuta kazi.

Vita vilipoanza nilikuwa zamu, yaani mlinzi, kwenye nyumba ya Mzungu mmoja huko Kinindo, na familia yangu ilikaa Kamenge. Kamenge ilipowaka moto, bibi yako aliamua kuvuka mpaka na watoto, aende Uvira kwa dada yake. Niliwasindikiza hadi kizuizi cha barabarani. Askari aliniuliza watoto ni wangapi, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa kwenye bunduki, nilijibu: wanne. Haukupita mwezi, mdogo wao akafa kwa kuhara. Walioniletea habari walisema ni maji ya kule. Niliwasikiliza, nikawashukuru, na moyoni nikajilaumu kwa lile neno moja.

Mzungu naye akaondoka. Aliniachia funguo, nyumba tupu na mbwa jike, wa rangi ya udongo, mwenye masikio yaliyosimama. Nililala kwenye boyeri, kile chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba, ingawa vyumba vikubwa vyote vilikuwa wazi. Jirani wa kulia alikuwa amekimbia, wa kushoto pia. Zilikuwako siku ambazo sauti yangu mwenyewe niliisikia tu nilipomwita mbwa aje ale.

Nikaanza kumzalisha. Haikuwa biashara. Zamu mwenzangu wa Kibenga alikuwa na dume zuri, tukawakutanisha. Nililisha watoto wa mbwa kwa uji na vichwa vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikawafundisha kunyamaza mpaka pawe na sababu ya kubweka, kwa maana siku hizo mbwa mwenye kelele aliweza kumponza bwana wake. Niliwagawa bure kwa walinzi wa Kinindo, kwa sharti moja: kila aliyechukua mbwa arudi kunieleza anaendeleaje. Hivyo nikapata watu wa kunigongea geti.

Habari za mbwa zikavuka mpaka kupitia mama mmoja aliyeuza mafuta ya mawese. Ndipo mama yako, binti yangu, aliyekuwa msichana wa miaka minane, akaniletea ujumbe kwa kinywa cha mama huyo: anataka mtoto wa mbwa wake mwenyewe, na akimpata atakuja kukaa nami Kinindo amtunze. Bibi yako aliridhia aje, kwa kuwa Kinindo ilikuwa na utulivu kuliko kule. Nikamtengea jike mdogo wa uzao mpya, mwenye mguu mmoja mweupe. Nilifagia chumba kimoja cha ile nyumba kubwa. Nilitandika kitanda mwezi mzima kabla ya siku yenyewe.

Katika mwezi huo ikatoka amri. Mbwa walioachwa na watu waliokimbia walikuwa wamekuwa makundi, wameuma watu, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia mjini. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alipita na kipaza sauti akaeleza kila kitu: kila mbwa aandikishwe na kuchanjwa, avae kibati shingoni; anayezalisha mbwa, hata kwa kujifurahisha tu, atangaze kila uzao apewe ruhusa; asiye na kibati atachukuliwa. Usiandike kwamba ilikuwa amri mbaya. Mtoto wa fundi viatu alikuwa amekufa kwa kuumwa, na mimi nilimjua.

Nilikwenda siku ya kwanza, nimevaa koti, mama mbwa nikimwongoza kwa kamba. Meza ilikuwa uani mwa shule, na nyuma ya meza alikaa vetereneri, daktari wa mifugo, mwanamke kijana, mwenye daftari.

“Muzee, uko na imbwa ngapi?”

“Ziko,” nilisema.

“Ziko ngapi?”

“Mama yao ni huyu.”

Waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari wakaanza kucheka. Mmoja akasema muzee anaficha batalioni. Mwingine akasema muache, bado anazitafutia majina ya ubatizo. Yule mwanamke hakucheka. Aliniinamia akapunguza sauti.

“Baba, mi siwezi kuandika ‘ziko’. Kama ni mwiko wa kwenu, uzilete hapa mbele yangu. Nitazihesabu mi mwenyewe, we utaangalia pembeni.”

Sikiliza vizuri hapa. Alinipa njia. Jambo ambalo sikuweza kulitamka, alikubali kulitamka kwa niaba yangu. Ningerudi nyumbani, niwatie kwenye kapu, niwalete, na jua lisingefika utosini. Lakini wale watu walikuwa wanacheka, nami nilikuwa nimevaa koti. Nikasema: “Andika mama yao, inatosha.” Akaandika mmoja, akanichanjia mmoja, akanipa kibati kimoja, akanionya waziwazi kwamba kibati kimoja ni mbwa mmoja. Niliondoka bila kuaga.

Watoto wa mbwa walikuwa watano. Leo nalitamka neno hilo kwa sababu halina tena wa kumdhuru.

Baada ya wiki mbili kamioneti, gari dogo la mizigo la wakaguzi, ilisimama getini asubuhi. Walikuwa na orodha. Walimtazama mama mbwa shingoni, wakampita. Wale wengine waliwabeba wawili wawili kwa ngozi ya shingo, wakawatia kwenye kreti za bia. Wa mguu mweupe alikuja mwenyewe, akidhani ni mchezo. Sikumgusa mtu. Mama mbwa aliwatafuta siku tatu, hata ndani ya chumba nilichokifagia.

Mama yako alifika wiki iliyofuata, na mama yake mdogo, amebeba kamba aliyoisuka mwenyewe kwa vitambaa vya kitenge. Nilimwambia serikali imewachukua wote. Hakulia. Alimtazama mama mbwa, akanigeukia.

“Na huyu, mbona walimuacha?”

“Huyu ana kibati.”

“Mbona wengine haukuwapa?”

Nilimwambia aende akale. Kesho yake asubuhi alisema anataka kurudi kwa mama yake, na mama yake mdogo hakuona sababu ya kumzuia. Nilifunga geti nyuma yao. Miaka mitatu ilipita kabla sijamwona tena, na aliporudi alikuwa ananiita “muzee” kama wageni wanavyoniita.

Mpaka leo akipita karibu na mtu wa serikali mwenye daftari, uso wake hufungika. Wewe umeuona uso huo, na umeniuliza unatoka wapi. Nilimwacha awachukie watu ambao hawakukosa, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kuliko kumjibu.

Sasa yashike haya. Karatasi hii usiiweke kwenye sanduku la vyeti vyako, wala usingoje nife. Msomee mama yako Jumapili, baada ya chakula, mimi nikiwa nimeketi palepale. Ukifika mahali pa meza na vetereneri, usiharakishe. Akiwa na la kuongeza, liandike chini ya maneno yangu kwa mwandiko uleule, hata likiwa kali. Na kama anavyoikumbuka yeye siku ile ni tofauti na ninavyoikumbuka mimi, futa yangu, ubakize yake.