Sufuria ya Wifi Rhobi na Taa za Breki

Enzi zetu, na nyie mliokulia kwetu Morotonga mtanisahihisha, gari halikujua kusema linaumwa wapi. Hakukuwa na vitaa vya dashibodi wala sensa za kulia pii-pii. Gari lilinyamaza na ugonjwa wake mpaka fundi aupate mwenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi umeme wa magari, na karakana yake ilikuwa uwanja wa nyumbani kwetu. Mpaka leo nikisikia harufu ya waya ulioungua nakumbuka uji wa asubuhi, maana mara nyingi viliungua pamoja. Sisi watoto tulikuwa na kazi moja ya heshima. Taa ya breki huwaka pale tu mtu anapokanyaga pedali, na baba hakuweza kukanyaga mbele huku anaangalia nyuma. Basi aliita, "Aende mtu nyuma!" Tulikimbia huko na kumpa taarifa: "Imewaka!" au "Imezima!" Ukikaa kimya, baba alijua haijawaka. Tuliigombea kazi hiyo kuliko vijana wa leo wanavyogombea chaja.

Nikiwa darasa la sita, kwaya ya shule yetu iliitwa kushindana Tarime. Mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo, na Tarime nilikuwa sijawahi kufika, kwa hiyo wiki nzima sikulala vizuri. Mzee Salum, mfanyabiashara wa Mugumu, alituazima lori lake bure. Asubuhi ya safari taa za breki zikagoma.

"Fundi, watoto wa watu siwabebi hivi," alimwambia baba. "Saa nne zisipowaka, safari hakuna." Akaondoka kutafuta dizeli.

Mama akatuingiza ndani kuoga na kupakwa mafuta mpaka magoti yang'ae. Uwanjani akabaki baba, kichwa kimezama chini ya usukani, pamoja na wifi yangu Rhobi, aliyeolewa na kaka mwezi mmoja kabla. Baba akaunga waya uliokatika, akaita, "Aende mtu nyuma!" Rhobi akatazama huku na huku, akaona mtu ni yeye peke yake. Akaenda.

Sasa kwetu Wakurya, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mkamwana mgeni kumpazia sauti baba mkwe ni aibu ya kusimuliwa ukoo mzima. Baba akakanyaga pedali. "Imewaka?" Taa zilikuwa zimewaka vizuri kabisa. Rhobi akaitikia kwa kichwa, kwa adabu zote, nyuma ya lori.

Baba hakusikia kitu. Akabadilisha fyuzi. "Imewaka?" Rhobi akaitikia tena. Akabadilisha balbu zote mbili, akarudi kukanyaga. Kimya. Akang'oa swichi ya breki, akaifungua, akaipuliza, akairudisha. Nilipotoka na sare yangu saa nne kasoro, nyaya zilikuwa zimetapakaa miguuni pake, naye ananung'unika kwa Kikurya maneno ambayo kwaya isingeyaimba. Nyuma ya lori wifi alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka kitambaa kimemwangukia shingoni, na machozi yanamlengalenga.

"Baba, imewaka!" nikapiga kelele.

"Tangu lini?"

Nikamuuliza wifi kwa sauti ya chini, nikamjibu baba, "Tangu mwanzo."

Rhobi alishakimbilia jikoni. Baba akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaugeukia ukuta wa jikoni, akauambia taratibu, "Siku nyingine anayesimama nyuma achukue sufuria. Akigonga mara moja, imewaka. Mara mbili, imezima." Tarime tulifika tumechelewa, tukawa wa pili kutoka mwisho, nami nikarudi nikiwa na furaha kama tumeshinda. Tangu siku hiyo sisi watoto tulipoteza ajira, maana sufuria haikosei.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani na gari langu, ambalo lina sensa kuliko akili. Kitaa cha breki kiliwaka dashibodini, nikamwita kijana fundi. Akamwamkia baba shikamoo, akachomeka kompyuta yake, akabadilisha sensa ya pedali, akakanyaga breki na kutuonyesha kioo cha kompyuta. "Mama, mashine inasema iko safi."

Baba siku hizi macho yamefifia, anashinda kwenye kiti chake kibarazani. "Nyuma ameenda nani?" akauliza.

"Hakuna haja, mzee. Kompyuta imeshaona," kijana akajibu, mguu bado uko kwenye pedali.

Nikaona aibu, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeenda. Watoto wangu walikuwa ndani na simu zao. Gari langu linaongea siku nzima, na nyumba nzima hakuna wa kulisimamia nyuma.

Ndipo sufuria ikalia nyuma ya gari. Ngo. Tukangoja. Ngo.

"Mbili," baba akasema. "Kijana, haijawaka. Safisha waya wa bodi, ule unaounga taa na chuma cha gari; utakuwa na kutu."

Nikamshikia pedali, kijana akazunguka kwenda kuangalia. Taa zilikuwa zimezima kweli, na wifi Rhobi, bibi wa wajukuu wanne sasa, alikuwa amesimama pale na sufuria yake, ameinamisha macho.

Kijana akasafisha kutu, akarudi kukanyaga pedali. Sufuria ikalia mara moja tu. Baba akauambia ukuta, "Asante, mwanangu."