Mama na mashine ya kushona ku kichwa

Bandugu, leo nimefundisha vibaya, na nasikia haya.

Somo ilikuwa juu ya foto za uongo mu Facebook. Nilionesha ku ukuta foto ya bantu benye banakimbia vita kule Kivu. Katikati, mama moja amebeba mashine ya kushona ku kichwa.

Nikauliza: "Ni ya kweli?"

Banafunzi bote mu auditoire bakacheka.

"Apana, Prof! Nani anakimbia masasi na mashine ku kichwa?"

Nikabaambia kila muntu atoe simu, aandike chini ya ile foto mu Facebook: FAUX, ni kusema ya uongo. Mi mwenyewe njo nilianza.

(Na jina yangu juu. Munitukane tu, muko na haki.)

Kavira peke yake hakuandika. Kwabo ni Kivu, hapa anaishi kwa mujomba wake mu mutaa wa Bel-Air, na anakaaka kimya. Nikamuuliza: "Na weye, unaona je?"

Akasimama.

"Prof, ile mashine naijua. Njo ilinisomesha. Ule ni mama yangu."



Nikakimbilia kufunga ordinateur, foto itoke ku ukuta. Niliona kama namusaidia.

"Apana, Prof, usifunge! Juma mbili simu yake imezimika. Muache nimuangalie."

Tuliacha. Saa ya somo ikapita, hakuna mwenye alitoka.

Ile FAUX yangu nimeifuta. Banafunzi pia bamefuta zabo.

Sasa, weye mwenye uko kule Kivu: kama umeona mama na mashine ya kushona ku kichwa, andika hapa chini.

Sitauliza kama ni ya kweli.