Mapanki Ngazini

Kila nikisikia harufu ya samaki wanaokaangwa kwenye mafuta ya jana, mate hunijaa mdomoni, kisha nacheka peke yangu. Msinione nimerukwa na akili. Hiyo ni harufu ya mapanki, na mapanki ndiyo yaliyotulea sisi watoto wa vilimani Mabatini, Mwanza. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa. Minofu ya sangara ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukibaki na kichwa na mifupa, ndiyo mapanki yenyewe. Mama alisema, "Wazungu wamechukua koti, mwenye koti wametuachia."

Nilikuwa na miaka tisa. Wakati wa likizo nilimfuata mama mjini, kwenye nyumba ya ghorofa ya Wahindi alikokuwa akifua nguo. Tuliingia kwa mlango wa nyuma, tukafulia uani, na saa saba tukakaa kwenye ngazi za jikoni kula tulichobeba. Bibi wa nyumba ile, Bi Zarina, mkongwe mwembamba wa mtandio mweupe, alishinda barazani juu yetu akitutazama. Nikimwamkia shikamoo, hutikisa kichwa tu.

Siku moja mama alifunua bakuli la mapanki, harufu ikapanda juu. Bi Zarina akainuka, akashika ukuta, akaanza kushuka ngazi moja moja.

"Kula haraka," mama akaninong'oneza kwa Kisukuma. "Kile kifurushi cha mifupa kinakuja kutufukuza."

Bibi akasimama mbele yetu. "Mwadila, mayu," akasema, ile salamu yetu ya mchana. Kisha akaendelea kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu: "Mifupa imekuja kuomba mifupa. Kichwa hicho kina mwenyewe?"

Mama nusura azimie. Kufua kule ndiko kulikotupa unga na madaftari. Akamsogezea bakuli zima. Bibi akajibana katikati yetu, akakivunja kichwa kwa vidole, akafyonza jicho kwa mlio ambao mimi ningeutoa ningechapwa. Kumbe alizaliwa Misungwi, dukani kwa baba yake, akacheza na watoto wa Kisukuma mpaka alipoozwa mjini.

Mara mkwewe, mama Salim, akachungulia kutoka jikoni.

"Mama! Chini hapo?"

"Kaa ule," bibi akamjibu kwa Kiswahili, "au nyamaza nisikie utamu."

Mama Salim akaangalia huku na huku kama mwizi, akakunja gauni lake, akaketi. Akapewa shavu la sangara. Alipomaliza akalamba kidole, akaona namwona, tukacheka wote wanne hadi kunguru wakaruka ukutani.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa mama alibeba mapanki mara mbili ya kawaida, na mimi nikajiona mtoto mwenye bahati kuliko wote Mwanza: Wahindi wanakula chakula chetu!

Ilinichukua miaka mingi kujiuliza kwa nini, katika nyumba yenye viti vingi vile, tulikula ngazini siku zote. Mwaka juzi nilimuuliza mama. Hakufikiri hata kidogo.

"Yule bibi alishuka mpaka alipoweza," alisema. "Kutupandisha sisi juu, hakuwa na nguvu hiyo hata yeye."

Akacheka. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ameliona jambo hilo tangu siku ya kwanza, na kicheko chake cha siku zile kilikuwa cha kweli vilevile.