Chumvi Ndani ya Rejeta

Mshale wa joto ulianza kupanda nikiwa nimeshaipita Naliendele, na kwa ujinga wangu nikadhani ni jua tu. Nyuma nilikuwa nimepakia miche ya mikorosho ya kubebesha, iliyounganishwa na vikonyo vya mbegu bora, kutoka kitaluni kwangu, nimeifunika kwa magunia niliyoyalowanisha, naipeleka Mpapura kwa kikundi cha wakulima. Mvua ya kwanza ilishanyesha na watu walikuwa na haraka ya kupanda. Gari letu ni pikapu ya dizeli, ya zamani lakini ngumu. Kwenye tambarare mshale ulitulia katikati. Kila nilipoanza kupanda kilima, nao ulipanda. Nikipunguza mwendo unashuka kidogo, nikikanyaga mafuta unarudi juu, hadi ukaugusa mstari mwekundu na mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

Nikasimama mbele ya nyumba iliyoanikwa mihogo uwanjani. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alitoka akanikuta nimeshika kitambaa nataka kufungua kifuniko cha rejeta.

"Wee, usithubutu!" akanipigia kelele. "Shemeji yangu alifungua hivyo hivyo. Uso wake mpaka leo una rangi mbili."

Nikaketi kwake karibu saa nzima, boneti wazi, tunamenya mihogo. Gari lilipopoa akaniletea maji ya kisima chao. Nilikunywa kwanza mimi, kisha nikamimina kwenye rejeta. Yalikuwa maji matamu, ya baridi. Rejeta ikameza nusu ndoo. Nikafika Mpapura polepole, miche ikapona, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyevuka salama.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipomweleza, alitoka akakigeuzageuza kifuniko cha rejeta, halafu akasema, "Ni kifuniko hicho. Kimechoka, hakishiki presha." Siku ya pili akanunua kifuniko kipya, akakaza na mipira yote ya maji kwa bisibisi. Nikaamini yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Baada ya siku chache nilikwenda kubeba udongo wa kitalu, na gari likiwa na mzigo likachemka tena, safari hii ndani ya mji, watu wakinitazama. Mume wangu alikuwa kazini. Sikumpigia. Nililikokota mpaka gereji ya fundi mmoja wa dizeli ambaye watu walimsifia kwamba hagusi spana kabla hajauliza maswali.

Kweli aliuliza. Alisimama mikono nyuma kama daktari.

"Linachemka likiwa limesimama au likiwa kwenye mwendo?"

"Kwenye mwendo. Na likiwa na mzigo, au kilima."

"Likisimama kwenye foleni?"

"Halina neno."

"Basi feni tuiache kwanza. Feni ikifa, gari linachemka likisimama. Lako linachemka likifanya kazi."

Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama kwenye mwanga. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikuwa na ule weupe wa maziwa wa oili iliyoingiwa na maji. Gari lilipokuwa limepoa kabisa akafungua rejeta, akaniambia niwashe injini, akainama kutazama kama maji yanatoa mapovu. Hayakutoa. "Mshukuru Mungu," akasema. "Hedi ya injini bado nzima. Ungeendelea wiki nyingine ungenunua injini." Akaniacha niliungurumishe mpaka lipate moto, akazima, kisha akapitisha kiganja mbele ya rejeta, taratibu, juu hadi chini, kama mtu anayempima mtoto homa. Akanishika mkono akanionyesha. Juu palichoma. Katikati palichoma. Upande wa chini wote wa kushoto ulikuwa wa baridi kabisa, injini ya moto namna ile!

"Hapo maji hayapiti," akasema. "Mirija imeziba. Sasa tujue imeziba kwa nini."

Alimwaga maji, akafungua nyumba ya thamostati, ile vali inayopitisha maji ya injini, akaitoa. Nilitegemea kuona kutu. Alichokuwa ameshika kilikuwa kimevaa ganda jeupe, nene, lenye chembechembe, kama chungu cha kuchemshia chumvi. Akalikwangua kwa ukucha, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Dada, maji ya gari hili mnachota wapi?"

"Bombani. Nyumbani kwetu."

"Hapana."

Alisema hivyo tu, hapana, bila ubishi. Akaninyooshea kidole chenye ule unga. Nikaonja. Ilikuwa chumvi.

"Haya si maji ya siku moja," fundi akanieleza. "Kuna mahali palikuwa panavuja kidogo, pengine kifuniko cha zamani, maana hiki ni kipya. Mtu akawa anaongezea maji ya chumvi, miezi na miezi. Maji yanachemka yanaondoka, chumvi inabaki. Anaongeza tena. Visima vya namna hii viko kule pwani, kule mto unakoingia baharini. Huko mna shamba?"

"Hatuna."

"Basi muulize mwenzako," akasema, akageukia spana zake. Alikuwa mtu wa adabu. Hakunitazama tena usoni.

Mwenzangu. Kila Jumamosi ya pili, kwa miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu alichukua gari kwenda Mpapura kutembelea wakulima wetu na kuona miche inavyoendelea. Maji ya upande wa Mpapura nilikuwa nimetoka kuyanywa kwa midomo yangu, na hayakuwa na chumvi.

Nilirudi nyumbani kwa bodaboda, gari nimeliacha gereji limefunguliwa. Njiani nilishamjenga yule mwanamke kichwani: umri wake, kanga zake, watoto wake wanaofanana na wangu. Dini yetu inamruhusu mume kuoa tena. Kilichonichoma ni kuoa kwa kuninyemelea. Alipoingia kutoka shuleni, chaki bado kwenye mikono ya shati, hata salamu yake sikuiitikia.

"Fundi amekuta chumvi kwenye rejeta."

Akaweka madaftari mezani.

"Una mke kule mtoni?"

"Sina."

"Usinidanganye. Miaka kumi na minne hujawahi kunidanganya, leo usianze."

Akakaa chini, si kwenye kiti, chini sakafuni, akaegemea ukuta. Sijawahi kumuona akikaa vile. "Nimekudanganya tangu siku ya kwanza," akasema. "Si mke. Ni mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu."

Nilicheka. Ndivyo nilivyofanya, nilicheka kwa sauti, maana mama yake alikuwa amekufa. Alikufa yeye akiwa na miaka tisa. Hayo aliyasema mbele ya baba yangu alipokuja kuposa, na baba akamwombea marehemu pale pale. Binti yetu mkubwa tulimpa jina lake. Kila mwaka kabla ya Ramadhani nilipika pilau, tukawaita majirani na walimu wa madrasa, ikasomwa hitima ya kumrehemu. Mimi ndiye niliyekuwa nikichagua mchele.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Yuko hai."

Akanieleza, kichwa kimeinama. Kijijini kwao, mwaka ule, watoto watatu wa majirani walikufa katika mwezi mmoja kwa kuharisha. Wa nne alikuwa mdogo wake yeye, kitinda mimba wa mama yake. Watu wakasema mama ni mchawi, na hata kufiwa kwake hakukumwokoa. Walisema amemtoa kafara mtoto wake ili kuficha aliyoyafanya. Wakabomoa nyumba, wakamfukuza na nguo alizovaa. Mjomba wake akamchukua yeye, akamleta mjini, akamfundisha jibu: ukiulizwa mama, sema alikufa. Alijibu hivyo shuleni, akajibu hivyo chuoni, akajibu hivyo kwa baba yangu. Yeye mwenyewe alikuja kumpata mama yake alipokuwa ameshaanza kufundisha, mama akiishi peke yake karibu na mdomo wa Ruvuma, mahali ambapo hakuna aliyemfahamu.

"Ningemwambiaje baba yako kwamba mama yangu ni yule waliyemfukuza kwa uchawi? Angenipa wewe?"

Nilikuwa na hasira tu, hasira iliyokosa pa kukaa, kwa sababu aliyestahili kupigwa alikuwa amekaa sakafuni kama mtoto. Nilimwambia jambo moja: "Nimemsomea hitima mtu aliye hai. Umeniacha nifanye hivyo." Akalia. Sikumbembeleza.

Fundi aliifungua rejeta, akachokonoa mirija mmoja mmoja kwa waya mwembamba, akaweka thamostati mpya na maji maalumu ya kijani, akatuonya tusiongeze tena maji ya kisima chochote. Jumamosi iliyofuata nikapanda mbele. Tulikuwa hatujaongea la maana tangu siku ile.

Tulipita Madimba, uzio mrefu wa mitambo ya gesi ukatuacha, barabara ikageuka mchanga. Mikorosho ikapungua, minazi ikaongezeka, halafu mikoko. Mume wangu aliegesha mahali ambapo njia ilikwisha. Palikuwa na nyumba ya udongo iliyofagiliwa mpaka ardhi inang'aa, na nje yake, kwenye kisima kifupi, mwanamke mzee, mfupi na mwembamba, alikuwa ameshika ndoo.

Alitazama gari kabla ya kututazama sisi. "Gali limepona?" akauliza, kwa lafudhi ya Kimakonde. "Nimeshachota."

Ndipo nilipoelewa ni mikono ya nani iliyokuwa ikimimina yale maji. Alikuwa akilihudumia gari la mwanawe kila linapofika, kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akaiweka ndoo chini. Akanizunguka, kweli akanizunguka kama mtu anayekagua mbuzi, akanishika mashavu. "Wewe ndiye mwenye miche. Yule wako wa pili ameacha kukohoa?"

Alijua kila kitu. Alijua meno ya mtoto wangu mdogo yametoka mangapi, alijua nilivyoanguka kitaluni nikateguka mguu, alijua dada yangu ameolewa Mikindani. Mimi nilikuwa simjui hata sura. Binti yangu ana paji la uso lile lile na masikio yale yale yaliyosimama, na miaka yote nilikuwa nikijiuliza masikio yale ameyatoa wapi.

Tulikaa mkekani. Akatuwekea mihogo ya kuchemsha na samaki. Tulipokuwa tunakula akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Pilau yako ni nzuri. Ila unazidisha pilipili manga."

Nikarudisha tonge sahanini.

"Huwa ananiletea kila mwaka kabla ya mfungo, bakuli zima. Hajaniambia ni ya sherehe gani."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama vidole vyake. Mama huyu alikuwa amekula chakula cha hitima yake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, akilamba vidole.

"Nitapunguza, mama," nikasema.

Tangu siku ile nimekwenda mara nyingi, mara nyingine peke yangu. Mume wangu sikumsamehe haraka. Miezi ilipita tukilala kila mtu ameuelekea ukuta wake, na mpaka leo akiniambia anakwenda dukani huwa nasikiliza injini inaelekea upande gani. Watoto tuliwapeleka wakati wa likizo. Binti yetu aliposikia bibi akiitwa kwa jina lake yeye, alishikwa na bumbuwazi, kisha akauliza kama sasa itabidi abadilishwe jina. Bibi yake alicheka mpaka akakohoa.

Nilimwomba ahamie kwetu. Mwanzoni alikataa bila hata kufikiri. Mara ya pili hakukataa. Aliendelea kupepeta mchele, halafu akauliza bila kuinua macho.

"Majirani zako umewaambia mimi ni nani?"

"Nimewaambia."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Wakasemaje?"

"Wamefurahi. Wanakusubiri."

Sikuwa nimemwambia hata mmoja. Majirani ni wale wale wanaokuja kuitikia dua ya hitima uani kwangu. Maneno yalinitoka mdomoni laini, bila kusita, na nilishtuka jinsi yalivyotoka kwa urahisi. Yeye akaacha kupepeta, akatikisa kichwa kukubali. "Basi baada ya mavuno," akasema.

Niliendesha kurudi mjini. Sikupita sokoni kama nilivyopanga. Niliegesha nje ya nyumba yetu, nikajifunga kanga vizuri, na kabla sijaingia kwangu nikapiga hodi kwa jirani wa mkono wa kushoto.