Mume Wangu Alinipunguzia Miaka Sita, Sasa Pensheni Inanikimbia

Admin, naomba unifichie jina, maana kanisani kwetu Edmonton, hapa London, tunajuana wote. Mimi ni mama Mkongo, mjane tangu mwaka jana. Nina miaka sitini na saba, lakini kwenye makaratasi ya Uingereza nina sitini na mmoja. Hiyo ndiyo inayoninyima utulivu.

Tulipofika London kuomba hifadhi, mtoto wetu aliugua, nikabaki naye hospitali. Mume wangu akaenda peke yake kuandikisha familia. Mimi nilimzidi miaka minne, na kwao mwanamume aliyeoa mkubwa wake alichekwa. Basi akamwambia mkalimani kwamba nilizaliwa miaka miwili baada yake, tarehe moja Januari. Alirudi na biskuti mfukoni, za wale wa ofisini, akanong'ona: "Bibi yangu, nimekupunguzia miaka sita. Wazungu wanamlipa daktari kwa hiyo!" Nilimkaripia, halafu nikacheka, tukala biskuti. Kusahihisha tuliogopa. Tulidhani watasema na mengine yote tumedanganya.

Siku zile nilisikia wanawake hapa wanapumzika na kulipwa pensheni wakifika sitini. Nikasema moyoni, hata nikichelewa, nitafika. Kisha serikali ikasogeza hadi sitini na tano, ikaja sitini na sita, sasa inakwenda sitini na saba, na kwenye basi watu wanasema itasogea tena. Kwa umri wangu wa kweli ningekuwa nimekaa nyumbani. Kwa umri alionipa marehemu, bado miaka sita.

Natunza wazee majumbani mwao. Mwezi uliopita nilikuwa namwogesha mama mmoja, mgongo ukanikata, tukashikana wawili bafuni tusianguke. Akaniuliza, "Wewe una miaka mingapi, mwanangu?" Nikamfunika taulo. Ananizidi mitatu tu. Nilipomwomba mkuu wangu kazi nyepesi, alitazama kompyuta akatabasamu: "Mbona wewe bado kijana kwetu!"

Sasa mdogo wangu aliyeko Bukavu amepata cheti changu cha ubatizo parokiani. Ushahidi ninao. Nikamwambia shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alisimama hapo hapo, chai hakuimaliza.

"Shemeji, unataka kumwita kaka yangu mwongo naye yuko kaburini? Na wakianza kupekua, wataishia kwako? Mimi niliingia nchi hii kwa maelezo yake!"

"Mgongo wangu je?"

"Sote tunaumwa mgongo."

Binti yangu alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba baba angekuwepo angekwenda mwenyewe kuomba msamaha. Halafu akalia, akaniambia nisiende.

Tangu siku hiyo situlii. Nafua nguo zilizo safi. Napita kituo changu cha basi bila kujua. Namkumbuka alivyokuwa ananifunga kamba za viatu nikiwa mjamzito, mtu mpole kabisa, halafu nakasirika naye, halafu naomba radhi kwa picha yake.

Jumanne nina miadi na mwanasheria. Nimeshaifuta mara mbili. Ndugu zangu, hasa wajane na mliopitia uhamiaji, niambieni bila kunionea haya: niende nikaseme umri wangu, au nimlindie mume wangu jina lake na niendelee kuinua wazee mpaka nianguke nao?